Kabu skauti wetu Kigoma: kwa nini akina baba hawaji na watoto wao?

#1 SkafuYaBuluu
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mlezi wa kabu skauti, yaani skauti wadogo, kwenye shule moja ya msingi hapa Kigoma mjini. Watoto wangu wana miaka saba hadi kumi, wengi wao wa kiume. Mwezi uliopita tulijaribu kitu kipya: siku ya familia. Kila mtoto aje na mzazi mmoja, na tuliandika kabisa kwenye barua "ikiwezekana baba". Washinde ufukweni pamoja, wawashe moto, wapike, wajifunze mafundo, wafuate alama za njiani.

Watoto walikuwa thelathini na mmoja. Akina mama walikuja, mabibi walikuja, kaka na dada wakubwa walikuja. Akina baba walikuja watatu.

Kuna mtoto mmoja sitamsahau. Alifika saa mbili asubuhi na kamba yake ya mita mbili, kaikunja vizuri kabisa, akakaa juu ya jiwe linalotazama njia ya kutoka Katonga. Kila bodaboda ikipunguza mwendo, anainuka. Saa sita akaja bibi yake, kabeba kikapu, jasho linamtoka. Mtoto akampokea kwa heshima zote, lakini ile kamba hakuikunjua mpaka tunaondoka.

Naomba mniambie ukweli. Tunakosea wapi?

#2 KipeLaKatonga
Dada mlezi, hiyo Jumamosi ilikuwa siku za giza. Mwezi hakuna. Baba wa Katonga au Kibirizi wakati huo yuko ziwani usiku kucha na taa zake, anasubiri dagaa wapande juu ashushe wavu. Anarudi alfajiri. Akifika nchi kavu hajamaliza kazi, kuna kuuza, kuna kugawana na wenzake wa kipe (chombo kimoja cha kuvulia dagaa), kuna mafuta ya injini ya kudaiwa. Kulala ni saa nne, saa tano. Wewe unamtaka saa mbili asubuhi awashe moto na kabu skauti?

Panga siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa zetu hazina nguvu, dagaa hawakusanyiki, tunakaa nyumbani tunashona nyavu. Utatupata wote.

#3 MamaPacha_Mwanga
Mkuu #2 nakuheshimu, ila usiwasemee wote. Wangu si mvuvi. Ana duka hapa Mwanga, analifungua na kulifunga mwenyewe, na bado hakuja. Nilimwonyesha barua, akauliza swali moja tu: "Wanachangisha shilingi ngapi?"

Hapo ndipo penye shida. Shule ikimwita baba, ni ada ya mlinzi, dawati limevunjika, uji, au mtoto kapigana. Hajawahi kuitwa shuleni kwa jambo la kufurahi. Barua yenye muhuri wa shule akiiona anaingiza mkono mfukoni kabla hajaisoma.

#4 Reli_1914
Mnazunguka tu. Wazee wa huku hawaiamini skauti tangu zamani kwa sababu ni jeshi la mkoloni lililovalishwa kaptura. Baden-Powell aliianzisha Afrika Kusini mwaka 1908 akipigana na Makaburu, akarudi zake kwao Uingereza akafia huko, sisi tukabaki na saluti na gwaride. Mzee wangu aliniambia waziwazi: mwanangu hatacheza uaskari na mtu asiyemjua.

#5 Akela_Mstaafu
Shikamooni mliotangulia kuzaliwa, marahaba kwa wanaoamkia.

Kijana #4, umechanganya. Kwenye vita vile, 1899 hadi 1900, Baden-Powell alizingirwa Mafeking, na huko ndiko vijana walitumika kupeleka ujumbe. Hiyo bado haikuwa skauti. Kambi ya kwanza ya majaribio ilikuwa Agosti 1907, kisiwa cha Brownsea, Uingereza, wavulana ishirini na kitu tu, wa matajiri na wa maskini wakichanganywa. Mwaka 1908 ndio kitabu chake kilitoka. Hawa wadogo, kabu, waliwekewa utaratibu wao mwaka 1916, kwa sababu wadogo walikuwa wanawafuata kaka zao kambini na kulia wakirudishwa.

Na hakufia kwao. Alifariki Nyeri, hapo Kenya, tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko hapo hapo. Kwenye jiwe wamechora duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ya skauti ya "nimekwenda nyumbani". Nilipelekwa kuliona nikiwa kijana.

Sasa kwa dada mlezi. Nimelea kabu zaidi ya miaka ishirini, na mimi naona jibu liko kwenye mzizi wenyewe. Skauti ilitengenezwa ili mtoto atoke kwa mzazi, alale porini, ajitegemee. Mzazi hakuwekewa nafasi. Leo tunamwita baba kwenye nyumba ambayo haikujengewa chumba chake, halafu tunashangaa anasimama mlangoni.

#6 Reli_1914
Nimepokea masahihisho mzee, asante. Ila mzee wangu bado yupo, na bado hataki. Tarehe hazimtoi kwenye msimamo.

#7 Mnyamwezi_wa_Ipuli
Mwangaluka wana Kigoma. Huku Tabora skauti inaheshimiwa, kwa sababu Mwalimu Nyerere ndiye aliyeileta nchini akiwa anasoma Tabora School. Ukimwambia baba wa Kinyamwezi kuwa Mwalimu alivaa skafu, anakuja mwenyewe bila barua.

Halafu kingine, mnawapikia nini hao wazazi? Wekeni matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) na chai, muone kama kuna baba atakosa.

#8 BintiUjiji
Ndugu yangu wa Ipuli, hapo kwa Mwalimu punguza kidogo. Alisoma Tabora School kuanzia 1937 hadi 1942, na akiwa mwanafunzi alisaidia kuanzisha kundi la skauti pale shuleni baada ya kukisoma kile kitabu cha Baden-Powell. Kusaidia kuanzisha kundi la shule si kuileta skauti nchini.

Na matobolwa yenu yabaki huko huko kwenye reli. Hapa tuna migebuka ya kuchoma na ugali wa muhogo.

#9 Mnyamwezi_wa_Ipuli
Nimekubali la Mwalimu. La migebuka sikubali, tutalimaliza siku nyingine.

#10 Mwisho_wa_Reli_Ughaibuni
Salamu kutoka Marekani. Nimezaliwa Gungu, nina watoto wawili huku, mmoja yuko kabu skauti darasa la kwanza. Niseme nilichokiona.

Huku mtoto wa darasa la kwanza haruhusiwi kuja peke yake. Lazima aje na mtu mzima wake, na yule mtu mzima hakai kwenye kiti kutazama simu, anafanya shughuli zote na mtoto. Kwa hiyo lile la mzee #5 ni kweli kwa mwanzo wake, ila wenzetu walishaongeza chumba. Kabu wa huku walianza rasmi 1930.

Kuna mchezo mmoja umeniingia moyoni. Wanakupa kipande cha mti wa msonobari, magurudumu manne na misumari. Wewe na mwanao mnachonga kigari, mnakipaka rangi, siku ya mashindano vinaachiwa kwenye mteremko. Ulianza 1953 kule Manhattan Beach, California. Baba mmoja, Don Murphy, mwanawe alikuwa mdogo mno kushindana kwenye magari makubwa ya kuteremka mlimani, akamtafutia mashindano ya saizi yake. Nilikaa na mwanangu jikoni siku tatu na msasa. Siku hizo tatu aliniambia mambo ya shuleni ambayo hakuwahi kuniambia mwaka mzima.

Na nje ya skauti, YMCA (chama cha vijana wa Kikristo) ya huku ilikuwa na vikundi vya baba na mwana tangu 1926. Harold Keltner wa St. Louis alivianzisha pamoja na Joe Friday, mwindaji wa kabila la Ojibwe. Keltner alivutiwa na jinsi baba wa Kiojibwe anavyomlea mwanawe kwa kutembea naye, kwenye mawindo na kwenye uvuvi. Nilipoisoma hiyo nikamkumbuka marehemu baba na mtumbwi wake. Tulikuwa nacho nyumbani.

#11 KipeLaKatonga
Mkuu #10, umetuletea misonobari Kigoma! Sisi tuna upongoo wa mchikichi. Mwepesi, unachongeka kwa kisu cha jikoni, na unaelea. Achana na vigari, tushindanishe mitumbwi midogo pale ufukweni, tanga la mfuko wa nailoni. Kila baba wa hapa alishachonga mmoja utotoni. Hakuna wa kufundishwa.

#12 BabaKaka
Mimi ni mmoja wa wale watatu wa post ya kwanza. Nimejisajili leo ili niandike hapa.

Nilikuja kwa sababu mwanangu aliniuliza mara nne kwa siku mbili. Nilipofika nikaona aibu kidogo, akina mama wamejaa, sijui nikae wapi. Nilitaka kuondoka. Dada mlezi akanipa kamba, akasema, "Baba, hili fundo mimi linanishinda, la kufungia mtumbwi usiondoke na mawimbi." Kweli mimi ni fundi wa mitumbwi. Nikalifunga. Mwanangu akawaambia wenzake: "Afunge kwa mkono mmoja, anaweza!" Nikalifunga kwa mkono mmoja. Wakaja watoto kumi na kitu wamenizunguka, kila mmoja ananyoosha kamba.

Yule mtoto wa jiweni alikuwepo, alisimama nyuma kabisa. Nilimwita nikamwambia lete kamba yako. Akasema, "Yangu nimewekea baba."

Wenzangu akina baba mnaosoma bila kuandika, nendeni. Nasema tu nendeni.

#13 MamaPacha_Mwanga
#12 umeniliza kweupe dukani, wateja wananiangalia.

#14 Mtani_wa_Heru
Nasikitika na mimi, ila tuseme na la upande wa pili. Baba wa Kiha hamfundishi mtoto kwa michezo, anamfundisha kwa kazi. Mimi na baba yangu hatukuwahi kucheza hata siku moja. Lakini alinipa jembe la kimo changu, tukalima mstari kwa mstari, yeye wake mimi wangu, na jioni ananikatia muwa. Ule ndio ulikuwa ukabu skauti wangu. Mkimwambia baba wa namna hiyo "njoo ucheze na mwanao ufukweni" anaona mnamdhalilisha mbele ya mwanawe. Mwambieni kuna uzio wa shule wa kujengwa na mwanawe atamshikia miti. Atakuja na shoka.

#15 BintiUjiji
Na uzio ukiisha? Watoto wanataka baba wa kucheka naye pia. Wangu alikuwa wa jembe vilevile, nampenda, ila mpaka leo sijui anacheka na nini.

#16 Mama_Mmoja_Tu
Samahani wakuu, niingie na langu. Barua ile yenye "ikiwezekana baba" ilifika na kwangu. Baba wa mwanangu alikwenda Kalemie kibiashara miaka mitano iliyopita, hatujamsikia tena. Mwanangu anasoma, aliisoma mwenyewe. Akaniambia, "Mama, mimi nitasema naumwa."

Dada mlezi najua hukukusudia. Ila ukiandika "mtu mzima wako" mwanangu anakuja na mjomba wake, na mjomba ana moyo huo.

#17 SkafuYaBuluu
Dada #16, nisamehe sana. Sikuliona kabisa. Barua ijayo itaandikwa "mtu mzima wako". Na mjomba aje, nitampokea mlangoni mimi mwenyewe.

#18 Baba_wa_Wanne
Kuna jambo hamlitaji na ndilo linanifanya mimi nisimpeleke wangu popote. Usalama. Miaka ya nyuma, wilaya nyingine, mwanangu mkubwa alikwenda kambi ya siku tatu. Usiku wa kwanza akapandwa na homa kali. Kiongozi alikuwa mmoja kwa watoto wote, namba yangu hana, kadi ya kliniki hajui iko wapi. Tulipata habari kesho yake mchana kwa mtu wa gari la mizigo. Alipimwa, malaria. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini tangu hapo mwanangu halali mahali nisipolala.

#19 Akela_Mstaafu
Pole sana. Una haki, na hayo hayakupaswa kutokea. Utaratibu wa skauti unataka watu wazima wasiopungua wawili kwenye shughuli yoyote, na mtu mzima asijifungie na mtoto mmoja faraghani. Ulinzi wa mtoto na ulinzi wa kiongozi pia. Na kwenye kambi yangu kila mtoto alikuwa na karatasi: namba mbili za simu, dawa anazotumia, chakula kinachomdhuru.

Kwa hoja yako, njoo ulale naye. Hema ni la wote wawili. Hiyo ndiyo faida ya hizi siku za familia.

Kwa ufukweni niongeze: msiwaingize watoto majini kila mahali. Penye majani na konokono kuna kichocho, na mamba wapo. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu zaidi, na kuna sehemu mwambao unakatika ghafla hatua chache tu kutoka mchangani. Mitumbwi ya upongoo ielee, watoto wabaki nchi kavu.

#20 KipeLaKatonga
Nirudi kwenye hoja yangu ya #2, maana naona inazikwa. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi mitatu hakuna kuvua. Njaa ilikuwepo, sitaki kuipamba. Lakini nililala usiku nyumbani kwangu miezi mitatu mfululizo kwa mara ya kwanza tangu nioe. Kijana wangu wa miaka minane akaanza kunifuata kila mahali, mpaka sokoni. Alikuwa hajui kuwa napenda hadithi. Akina baba wana mapenzi, wakuu. Usiku wao umeuzwa.

#21 MamaPacha_Mwanga
Kwa nyumba yako nakubali. Jirani zangu wavuvi wawili, ziwa lilipofungwa, mmoja alikwenda Uvinza kutafuta kibarua, mwingine alishinda kijiweni kwenye bao. Watoto wao hawakuona tofauti. Kwa hiyo muda peke yake hautoshi, mkuu.

#22 Mtani_wa_Heru
Wa kijiweni alikosa kazi ya kufanya na mwanawe. Narudi kwenye uzio wangu.

#23 Mwalimu_wa_Kibirizi
Nimesoma uzi wote. Mnazungumza kama vile mzazi kuongozana na mtoto porini ni jambo geni kwetu, na boti za kwenda Gombe zinaondokea hapa hapa Kibirizi. Jane Goodall alipofika Gombe mwaka 1960 kuwachunguza sokwe alikuwa na miaka 26, na wakuu wa serikali ya wakati ule hawakumruhusu kukaa peke yake. Aliyekuja naye ni mama yake, Vanne. Mama yule akafungua kizahanati kidogo kambini, akawa anawatibu wavuvi, na urafiki na wavuvi ndio ukampa mwanawe nafasi ya kufanya kazi kwa amani. Mzazi hakukaa kiti cha pembeni, alipata kazi yake mwenyewe. Mnaona inavyokaa na lile fundo la BabaKaka?

Na mwaka 1991 Jane akaanzisha Roots & Shoots, mpango wa vijana wa kutunza mazingira, na wanafunzi 12 kutoka shule za Dar.

#24 Reli_1914
Nilidhani Roots & Shoots ilianzia hapa Kigoma.

#25 Mwalimu_wa_Kibirizi
Dar es Salaam mkuu, kibarazani kwake. Wengi huchanganya kwa sababu ya Gombe.

#26 DadaWaKabu
Mbona uzi mzima ni wavulana na baba zao? Mimi binti yangu ana miaka minane na anafunga mafundo kuliko kaka yake. Akina baba wana mabinti pia.

#27 BintiUjiji
Mpeleke Girl Guides dada, wapo.

#28 Akela_Mstaafu
Guides wapo na wanafanya kazi nzuri, ila hata skauti ya Tanzania inapokea wasichana. Huko kwa #10 nako kabu walianza kupokea wasichana mwaka 2018. Mlete tu.

#29 SkafuYaBuluu
Nimesoma kila post mara mbili, nyingine mara tatu. Wengine mnasema muda, wengine barua, wengine historia, wengine kazi na mchezo, mwingine hofu ya usalama, na kila mmoja ana mtoto wa kunionyesha. Siwezi kuchagua, kwa hiyo nitajaribu.

Tarehe tutapanga mbalamwezi ijayo, mchana saa tisa. Barua haitapita shuleni, watoto wataiandika wenyewe kwa mkono, na haina neno mchango. Kila mtu mzima aje na kitu anachokijua kwa mikono yake. Mzee Akela, naomba ile karatasi yako ya simu na dawa. Mkuu wa Heru, kuna kibanda cha moto cha kujenga, uje na shoka lako.

Na KipeLaKatonga, naomba unisaidie jambo moja. Yule mtoto wa jiweni, baba yake ni mvuvi wa upande wenu. Jina nitakutumia inbox.

#30 KipeLaKatonga
Nimelipata jina. Tunavua naye kipe kimoja, analala mita mbili kutoka kwangu. Hajui kama kulikuwa na siku hiyo, barua ilibaki kwenye daftari. Leo usiku tunatoka, nitamwambia tukiwa ziwani.

#31 BabaKaka
Mwambie na habari ya kamba.

#32 Mnyamwezi_wa_Ipuli
Napanda treni wiki hiyo. Nakuja na mpwa wangu, asali lita tano, na matobolwa. BintiUjiji jiandae.